Mwizi wa gari hutumwa na mnunuzi

NDUGU msikilizaji, ipo biashara moja katika jiji letu la Mwanza, na hasa huku Ilemela, ambayo haina kibao wala leseni, lakini bidhaa zake anazifahamu kila mwenye gari. Ni biashara ya vioo vya pembeni, taa, swichi za milango, redio na kontroli boksi. Vitu vinavyong'olewa usiku kwenye gari la mtu mmoja na kesho yake vikawa mali ya mtu mwingine. Ukiwaeleza wenzako kwamba gari lako limefanyiwa hivyo, utapewa pole, halafu utapewa na ushauri: nenda kwenye maduka ya spea, zunguka taratibu, huenda ukakikuta kioo chako mwenyewe ukakinunua kwa bei nafuu.

Ushauri huo hutolewa kwa nia njema kabisa. Lakini ndani yake ndimo ulimo ugonjwa wenyewe, na ndiyo mada yetu ya juma hili.

Tuanze na swali la msingi. Mwizi wa magari huchagua kwa kipimo gani? Wengi hudhani kwamba huvutwa na mng'aro wa rangi au ukubwa wa gari. La hasha. Mwizi wa magari ni mchuuzi kama wachuuzi wengine, na mchuuzi hutafuta bidhaa yenye wateja. Gari la fahari ambalo hapa mjini liko moja tu, ambalo hakuna fundi anayelijua wala mtu anayetafuta taa yake, kwake ni mzigo. Lakini Toyota Land Cruiser, lile ambalo tangu miaka ya tisini tumelizoea kwa jina la shangingi, au Prado, au Harrier, au Alphard, hayo yana wateja kila mji. Kioo cha pembeni cha magari hayo kikiwa kipya ni ghali, tena si kila duka linacho. Mtu aliyeng'olewa chake anataka kingine leo hii, kwa bei ndogo, bila maswali mengi. Huyo ndiye aliyemtuma mwizi, ingawa hawajaonana hata siku moja.

Wala si hapa kwetu tu. Huko Japani kwenyewe yanakotengenezwa, orodha za makampuni ya bima zimekuwa zikiyataja magari ya Land Cruiser na Lexus miongoni mwa yanayoongoza kwa kuibwa. Gari linalosifiwa kwa kudumu na kwa kupata spea kila mahali, ndilo hilo hilo linalosifiwa na mwizi. Sifa ni moja, masikio ni mawili.

Sasa, mwizi akichukua gari zima, ana njia tatu za kulifanya fedha. Njia ya kwanza ni kulichinja. Gari huingizwa uani, na kabla ya mapambazuko limekuwa milango, injini, giaboksi na matairi. Kama ilivyo kwa ng'ombe, nyama ikiuzwa vipande huweza kuzidi bei ya mnyama aliyesimama. Njia ya pili ni kulivika jina la marehemu. Hununuliwa gari lililopata ajali, halina thamani tena, lakini lina kadi halali na namba halali ya chasisi. Namba hiyo huhamishiwa kwenye gari la wizi, na maiti akaonekana barabarani anatembea. Njia ya tatu ni kulivusha mpaka.

Njia hiyo ya tatu ni ndefu kuliko tunavyodhani. Katikati ya miaka ya 2010, gari moja aina ya Lexus liliibwa Uingereza likiwa na kifaa kilichofichwa ndani yake cha kuonyesha lilipo. Polisi walilifuatilia likivuka bahari mpaka Mombasa, na nyayo zake zikawafikisha Kampala, ambako yalikutwa magari mengine ya wizi kutoka Uingereza yapatayo zaidi ya 20. Mwaka 2019, Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilionyesha hadharani magari ya kifahari yaliyokamatwa katika bandari ya Mombasa, baadhi yakiwa yameibwa huko huko Uingereza na kufichwa ndani ya makontena.

Kwa nini yaletwe Afrika Mashariki? Jibu liko kwenye usukani. Sisi, kama Waingereza na Wajapani, huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wetu uko kulia. Gari la London likishuka Mombasa halihitaji kubadilishwa chochote. Afrika Magharibi wao usukani wao uko kushoto, na mwezi Machi 2025 polisi wa nchi 12 za huko, wakishirikiana na Interpol, walipofanya msako wa majuma mawili waligundua magari ya wizi yapatayo 150, mengi yao yakiwa yameibwa Kanada. Kila soko huagiza cha upande wake.

Nchi zetu hazikukaa kimya. Wakuu wa polisi wa nchi za Kusini mwa Afrika waliunda umoja wao mwaka 1995, na wa Afrika Mashariki wakaunda wa kwao mwaka 1998. Tanzania imo katika vyama vyote viwili, na magari ya wizi ni moja ya kazi zao. Interpol nayo ina kumbukumbu ya magari ya wizi zaidi ya milioni 7 ambayo askari wa mpakani anaweza kuitafuta. Lakini kumbukumbu hiyo haimtambui mtu asiyejua namba ya gari lake. Ni wangapi kati yetu tunaoijua namba ya chasisi ya magari yetu, au tuliyoiandika mahali penye usalama? Wengi tunaacha kadi ndani ya gari, kwa hiyo mwizi akiondoka na gari ameondoka na ushahidi pia. Weka nakala nyumbani, ndugu msikilizaji. Hilo halina gharama.

Tena sisi wa Mwanza tuna sababu ya kufanya haraka. Barabara ya kwenda Musoma inakufikisha Sirari, mpakani na Kenya. Ile ya Geita na Bukoba inakufikisha Mutukula, mpakani na Uganda. Zamani aliyetaka kwenda Geita kwa njia fupi alilazimika kusubiri kivuko cha Kigongo na Busisi, na foleni ya kivuko ilikuwa kizuizi cha polisi kisicholipwa mshahara. Tangu tarehe 19 Juni 2025 lilipozinduliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa zipatazo 3, maji hayo huvukwa kwa dakika chache. Daraja ni neema kubwa kwa mgonjwa, kwa mkulima na kwa mfanyabiashara. Lakini njia nzuri haibagui mpitaji. Mtu anayegundua alfajiri kwamba gari halipo, akaanza kwanza kupigia simu ndugu na marafiki, akaenda polisi saa nne, ajue kwamba gari lake huenda limeshavuka ziwa.

Tuje sasa kwenye vizuizi, maana ndipo watu wanapotumia fedha zao. Je, vinasaidia?

King'ora, au alamu kama wengi wanavyoita, ndicho kinachopendwa na wengi, na ndicho chenye msaada mdogo. Hulia paka akiruka juu ya boneti, hulia radi ikipiga, hulia lori likipita. Mtaa mzima umekwisha kujifunza kuendelea kulala. Kelele ina faida pale tu ambapo yuko mtu wa kuamka.

Loki ya usukani ina historia yenye funzo zuri. Ujerumani Magharibi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliamuru kila gari liwe na loki hiyo, jipya na la zamani pia. Wizi ulishuka sana. Uingereza nayo mwaka 1971 ikaamuru magari mapya peke yake. Kilichotokea ni kwamba wezi waliyaacha mapya, wakayahamia ya zamani. Kifaa kilikuwa kile kile. Kilichotofautiana ni kama kimewekwa kwa wote au kwa baadhi. Hapo tunapata kanuni ya kwanza: kizuizi kinachoonekana kwenye gari moja humpeleka mwizi kwenye gari la jirani.

Kizuizi kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote ni kile kisichoonekana wala kupiga kelele. Kinaitwa imobilaiza. Ndani ya kichwa cha ufunguo hufichwa chembe ndogo yenye namba ya siri. Ukiwasha gari, kompyuta ya injini huuliza ile namba. Isipojibiwa sawasawa, mafuta hayaendi na injini haiwaki, hata ukichokonoa nyaya mpaka asubuhi. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliamuru kila gari jipya liwe nacho kuanzia Oktoba 1998. Wachumi wawili wa Uholanzi, van Ours na Vollaard, walichapisha mwaka 2016 hesabu ya matokeo yake: wizi wa magari ulipungua kwa kadiri ya asilimia 40, hata baada ya kuhesabu wezi waliohamia magari ya zamani.

Anayetaka ushahidi wa upande wa pili aitazame Marekani. Huko hakukuwa na sheria ya namna hiyo. Katika magari ya mwaka 2015, makampuni mengine yalikuwa yameweka imobilaiza katika asilimia 96 ya aina za magari yao, lakini Hyundai na Kia waliweka katika asilimia 26 tu. Vijana walipokwisha kuligundua hilo na kuonyeshana kwa picha za video, kuanzia mwaka 2021 magari hayo yaliibwa kama maembe ya njiani. Kifaa kidogo kilichoachwa ili kupunguza gharama kiliwagharimu wateja mara nyingi zaidi.

Na sisi je? Magari mengi ya umri mkubwa tunayoagiza kutoka Japani hayana kifaa hicho. Ndiyo maana mafundi wetu wamebuni dawa yao, nayo si ya kudharauliwa: swichi ya siri, inayokata umeme wa pampu ya mafuta au wa kuwashia, ikafichwa mahali anapopajua mwenye gari peke yake. Ni kitu cha bei ndogo. Sharti lake ni moja: isiwe mahali pale pale ambapo kila fundi wa mtaa humwekea kila mteja.

Basi mtu atasema, mwenye shangingi jipya amepona. Hajapona. Magari ya siku hizi hayachomekwi ufunguo. Ufunguo hukaa mfukoni, gari likauhisi, mlango ukafunguka. Wezi wa Ulaya huja wawili. Mmoja husimama karibu na mlango wa nyumba akiwa na chombo cha kunasa mawimbi ya ufunguo uliolala mezani, mwenzake akawa karibu na gari na chombo cha kuyapokea. Gari hudanganyika likadhani bwana wake amefika. Wengine wamekwenda mbali zaidi: mwaka 2022 mtafiti mmoja wa usalama wa magari jijini London aliibiwa Toyota RAV4 yake, akachunguza, akagundua kwamba wezi waling'oa taa ya mbele na kupitia nyaya zake wakazungumza na kompyuta ya gari. Chombo chao kilikuwa kimefichwa ndani ya kasha la spika ndogo ya muziki. Dhidi ya mawimbi, kopo la bati lenye mfuniko la kuhifadhia ufunguo usiku husaidia. Dhidi ya nyaya, ile loki ya usukani ya babu zetu imerudi kuwa na heshima.

Vipo pia vifaa vya kuonyesha gari lilipo, ambavyo wenye magari wengi mjini sasa wanavyo. Mwaka 1998 wachumi wa Marekani, Ayres na Levitt, walichunguza kifaa cha aina hiyo kiitwacho LoJack, ambacho hufichwa ndani ya gari bila alama yoyote ya nje. Waligundua kwamba katika miji kilikoenea, wizi ulipungua kwa magari yote, yenye kifaa na yasiyo nacho, kwa sababu mwizi hakuweza kujua lipi lina nini. Kati ya kila sehemu kumi za faida yake, aliyenunua alipata sehemu moja hivi. Nyingine zilikwenda kwa majirani. Hapo ndipo ilipo kanuni ya pili: kizuizi kilichofichwa hulinda mtaa, kinachoonekana hulinda mwenyewe.

Lakini kuna hatari ambayo wauza vifaa hawaisemi. Gari lisipoweza kuwaka bila ufunguo, mwizi mwenye roho mbaya huufuata ufunguo, na ufunguo uko kwa mtu. Nairobi ya miaka ya 1990 na Johannesburg mpaka leo wanajua maana ya kusimamishwa kwa bastola getini. Na hapa kwetu yuko mlinzi, mzee wa makamo mwenye rungu na koti, ambaye tunamwachia gari la mamilioni kwa mshahara usiotosha mwezi. Tusimwombe afe kwa ajili ya kioo. Gari hununuliwa tena, roho hainunuliwi.

Ndugu msikilizaji, umeona kwamba vifaa vyote nilivyovitaja vinazuia gari zima lisiondoke. Hakuna hata kimoja kinachozuia kioo cha pembeni kisichomolewe. Shangingi lenye kompyuta kumi lina vioo vinavyoshikiliwa na vibanio vya plastiki, na kazi hiyo huisha kabla mlevi hajavuka barabara. Huu ndio wizi unaotusumbua zaidi kwenye sherehe, kwenye ibada na kwenye maegesho ya baa, na dawa yake haipatikani kiwandani.

Dawa yake Wasukuma wanaijua tangu zamani. Ng'ombe hupigwa chapa. Chapa haimzuii mwizi kumfungua ng'ombe zizini; humzuia kumuuza mnadani. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi namba ya gari inayochongwa kwenye vioo, taa na madirisha. Kioo chenye namba ya mtu kikiuzwa kwenye gari la mtu mwingine hupiga kelele kuliko alamu yoyote. Mwizi ataweza kuikwangua, ndiyo, lakini kioo kilichokwanguliwa nacho kina hadithi yake.

Tena tukumbuke Sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi huku Usukumani na Unyamwezini, wananchi hawakununua kufuli kubwa zaidi. Walipiga mwano, kijiji kizima kikatoka, na kijiji cha jirani kikapokea, mpaka mwizi akakosa pa kumficha ng'ombe na mtu wa kumnunua. Yalitokea pia maovu, watu wakapigwa na hata kuuawa kwa kudhaniwa, na hayo tusiyarudie. Mtu akikamatwa na kioo mkononi ni wa kupelekwa kituoni, si wa kuvishwa tairi. Kwanza ni uhai wa mtu. Pili, aliyechomwa moto hawezi kumtaja aliyekuwa akimnunulia, na huyo mnunuzi kesho atamtuma mwingine.

Waingereza walipochoshwa na wizi wa nyaya na vyuma, walipitisha sheria mwaka 2013 inayowataka wanunuzi wa vyuma chakavu wawe na leseni, waandike jina la kila anayewauzia, na wasilipe fedha taslimu. Wizi wa vyuma ukapungua sana. Hawakumkimbiza mwizi, walimfungia duka. Halmashauri zetu za Ilemela na Nyamagana zinatoa leseni za biashara kila mwaka. Je, ni jambo kubwa mno kumtaka kila muuza spea zilizotumika awe na daftari: nani ameleta, lini, na kutoka gari gani? Muuzaji mwaminifu, nao ni wengi, daftari hilo litamlinda. Asiye mwaminifu ndiye litakayemsumbua.

Hata sheria iliyopo inatosha kututisha sisi wanunuzi. Kipo kifungu cha Kanuni ya Adhabu kinachomhusu anayepokea mali akijua kwamba ni ya wizi, na kifungo chake chaweza kufika miaka 10. Hakisemi kwamba muuzaji peke yake ndiye mkosaji. Kioo unachonunua bila risiti, kwa robo ya bei, kutoka kwa kijana aliyekitoa chini ya koti, unajua kimetoka wapi. Unajua kwa sababu hata chako kilikwenda huko huko.

Kwa hiyo, ukiulizwa kama vizuizi vya wizi wa magari vinafanya kazi, jibu: ndiyo, vile vinavyomnyima mwizi muda, na zaidi vile vinavyomnyima soko. Ficha swichi yako, chonga namba zako, weka nakala ya kadi nyumbani, toa taarifa polisi mara moja. Na siku utakapong'olewa kioo, ukapewa ule ushauri mwema wa kwenda kukitafuta kwa bei nafuu, nenda, lakini nenda na askari. Ukienda na pochi peke yake, utakuwa umelipia wizi wa kioo cha jirani yako.

Hadi juma lijalo, kwaherini.